Mwanafunzi wa Nyeri

Muriithi hakuwa na cheti. Hakuwa na tai, hakuwa na droo yenye kufuli, hakuwa na mtoto serikalini wa kumsemea, na baada ya miaka ishirini na sita katika Maktaba ya Wakulima hapo Nyeri, hakuwa hata na kiti chenye mgongo mzima. Sasa Bi Ngendo, mkuu wa maktaba, alikuwa ametangaza kwamba jengo jipya likifunguliwa mwakani, 1999, asiye na cheti atapewa mkono wa buriani.

Cheti kilipatikana kwa njia moja tu. Nairobi walikuwa wameanzisha mafunzo ya wakutubi kwa kompyuta. Masomo yalikuja kwa mtandao, na majibu yaliwekwa kwenye ukurasa wa pamoja ili Nanyuki, Timau na Embu wasome na kufaidika. Kila maktaba ilipewa nafasi ya mtu mmoja.

"Jina nitapeleka mwenyewe," alisema Bi Ngendo, kisha akaenda likizo ya uzazi.

Muriithi hakuuliza ni jina la nani. Kwake, kuuliza kulikuwa sawa na kuomba. Alingoja. Jumanne iliyofuata karatasi ya somo la kwanza ikatoka kwenye mashini ya kompyuta, na juu yake, kwa herufi nyeusi, palisomeka: Kwa Wangechi, Nyeri.

Wangechi! Mpiga chapa wa miaka ishirini na mitatu, aliyewahi kupanga kitabu cha ufugaji wa nguruwe kwenye rafu ya mapishi!

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba msichana huyo hakujibu swali hata moja kwa akili yake. Kila Jumanne alikuja na daftari, akamsimamia Muriithi kichwani kama askari wa kodi.

"Mzee, wanauliza, vitabu vikinyeshewa unafanya nini?"

"Huwezi kujibu wewe?"

"Mimi hutoka saa kumi. Hii kozi inanikalisha hapa mpaka saa kumi na mbili, na hata chai sijanunuliwa. Jibu tuende."

"Ungekuwa unasoma, ungejua."

"Na wewe ungejifunza kupiga hii mashini, ningekuwa nyumbani."

Angeweza kunyamaza. Lakini Muriithi hakuweza kuliona swali la vitabu likipita bila jibu, kama vile mtu mwingine asivyoweza kumwacha ng'ombe wa jirani ndani ya mahindi yake. Akaeleza: karatasi kavu katikati ya kurasa, kivuli, upepo, jua hapana. Wangechi akaandika, akaenda kupiga chapa.

Wiki iliyofuata, mkutubi wa Timau, Karambu, alijibu kwenye ukurasa wa pamoja: "Nyeri, umetuokoa. Sisi tulikuwa tunaanika juani." Muriithi aliyasoma maneno hayo mara tatu. Juu yake paliandikwa: Kwa Wangechi.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa wiki saba. Gundi ya unga, dawa ya mchwa, namna ya kumdai mwalimu mkuu kitabu bila kumkosea heshima: yote aliyoyaokota Muriithi kwa miaka ishirini na sita yalisomwa mpaka Embu, na sifa zikarudi kwa jina la mpiga chapa.

"Ile kitu nachukia ni haraka yako," Wangechi alimwambia siku moja. "Jibu polepole, mzee. Ukikosea hapa utaaibika wewe, si mimi."

Basi na vitisho pia! Muriithi alimtazama akirudi kwenye mashini yake, akaapa moyoni kwamba cheti hicho hakitaingia mikononi mwa Wangechi.

Somo la nane, ambalo ndilo la mwisho, lilikuwa na onyo: kila mwanafunzi aandike kwa maneno yake mwenyewe. Atakayenakili atafutwa, wala hatasajiliwa tena. Muriithi alishusha kutoka rafuni kitabu cha zamani ambacho kila mkutubi aliyehitimu amekisoma, akanakili kurasa mbili neno kwa neno, bila kuruka nukta. Akamkabidhi Wangechi.

"Ati! Leo umeandika kama profesa," Wangechi alisema, akaituma kazi hiyo saa ile ile.

Jioni hiyo Muriithi alichukua karatasi nyingine, akaandika kwa mkono wa kushoto:

"Kwa Mkuu wa Mafunzo. Mwanafunzi wa Nyeri ni mwizi. Linganisheni somo lake la mwisho na kitabu ninachokitaja hapa chini, ukurasa wa arobaini na ule wa arobaini na moja. Mfuteni bila huruma. Mimi, Mpenda Haki."

Akaitia ndani ya bahasha, akaisukuma katikati ya barua za maktaba zinazongoja kupelekwa posta.

Ijumaa Wangechi alikuja mezani pake akiwa na barua hiyo mkononi, na kwapani bahasha kubwa ya kaki.

"Hii nimeipata kwa trei. Naona inaenda kwa hao hao watu wa mafunzo. Si niiweke humu ndani, tusipoteze stempu?"

"Iweke," alisema Muriithi, akauzuia uso wake usicheke.

Wangechi akaitumbukiza. Kisha akatoa fomu, akaisukuma mbele yake. "Nairobi wanataka sahihi ya wino, na mashini haiwezi kutuma wino. Tia hapa chini. Haraka mzee, posta inafungwa."

Wanataka shahidi, Muriithi alijiambia. Akatia sahihi yake ndefu yenye mikunjo, akapuliza wino ukauke, ndipo akavaa miwani.

Mwanafunzi: Muriithi Mbogo. Mpiga chapa wake, mwenye jina kwenye mashini: Wangechi.

"Kuna kitu unataka kuongeza, mzee?"

"Hapana," alisema Muriithi.

Wangechi akaichukua fomu, akaitia ndani, akalamba gundi, akaifunga bahasha kwa ngumi mbili, na akatoka mbio kuelekea posta.