Mpya Kama ya Zamani

Saa nne asubuhi kinyozi alichomeka pasi kwenye umeme na kuiwasha hadi mwisho, ingawa hakuwa na nguo hata moja ya kupiga. Dada yake alikuwa amepiga simu kutoka stendi. Amefika, anatafuta usafiri, nusu saa atakuwa nyumbani.

Mezani mbele yake ilikaa mashine ya gemu mpya kabisa, iliyotengenezwa kwa juhudi kubwa ionekane kuukuu.

Tangazo lake lilipotoka miezi minne nyuma, kibanda cha kinyozi kilifurika. Mashine ya utotoni inarudi: rangi ileile ya kijivu, vitufe vilevile vyekundu, hata ule mlio wa kukwaruza inapowaka. Wanaume wenye vipara walipanga foleni ya kunyolewa ili wapate tu pa kuizungumzia.

Wabishi nao hawakukosekana. Mpaka rangi wa mtaani alisema picha zimeonekana, ila mashine yenyewe bado hajamsikia aliyeishika. Tarehe ya kutoka ikasogezwa mara mbili, na kila mara kampuni iliomba radhi kwa picha nzuri zaidi. Mwingine akaapa kwamba ndani kutakuwa na kidude kama ukucha na hewa nyingi.

Lakini aliyefurahi kupita wote alikuwa Fundi. Huyu alitengeneza redio kwenye meza ya jirani hadi alipopata kibarua katika ghala moja nje ya mji. Kibarua gani, hakusema. Vidole vyake vilikuwa vimechujuka vikawa vyeupe, kwa hiyo watu wakaamua kwamba anafua. Kila kinyozi alipoisifia mashine, Fundi aliinamia benchi akacheka hadi machozi.

"Unacheka nini wewe?"

"Kazi yangu imenikataza kusema, mzee. Kucheka haijanikataza."

Wakamwacha. Mfua nguo wa ghalani atajua nini kuhusu gemu?

Duka lilikuwa na sharti moja tamu: anayeleta mashine ya zamani, hata iwe imekufa, anawekwa mbele ya foleni. Utoe ya zamani upewe mpya inayofanana na ya zamani. Watu wazima, wenye watoto na wajukuu, waliona ni akili.

Kinyozi hakuwa na ya zamani. Dada yake alikuwa nayo.

Baba yao aliinunua iwe yao wote wawili, ila aliyeitunza ni dada mtu, juu ya kabati lake, imefungwa kwa shuka. Haikuwa imewaka miaka mingi. Akiwa na miaka tisa, baada ya kaka yake kumfunga mara saba mfululizo, aliibandika ncha ya pasi ya moto kwenye tumbo la mashine. Kaka akamsukuma mkono, alama ikatoka na mkia. Hadi leo, wakigombana, dada huishusha, huigeuza na kumwonyesha: hapa ndipo ulipoanza kunionea.

Na nyumba ilikuwa ya dada. Kinyozi alihamia humo na begi moja ndoa yake ilipovunjika, akapewa chumba, chakula na agizo moja tu.

"Kaa utakavyo, kaka yangu. Cha baba usikiguse. Siku utakayokigusa, beba na begi lako."

Dada aliondoka kwenda kumlea binti yake aliyejifungua. Jioni ileile kinyozi alipanda juu ya stuli, na kesho yake mashine ya baba ilikuwa dukani.

Jana ndiyo mashine mpya ilifika, akaifungulia kibandani, watu wamejaa hadi mlangoni. Wabishi waliikagua kwa uchungu, maana hawakupata kasoro. Kitufe kimoja kilikuwa kinanata kidogo, nacho kikasifiwa: hawa watu wanajua kuigiza. Mpaka rangi akainusa.

"Wameweka hata harufu ya kabatini," alisema, akampisha anayefuata.

Fundi aliipokea, akaigeuza, akaipapasa stika ya chini kwa kidole, kisha akairudisha mezani taratibu. Safari hii hakucheka. Aliuliza tu dada mtu anarudi lini. Kesho, akaambiwa.

"Una bahati kuliko unavyostahili," alisema Fundi, akachukua kofia yake akaenda zake.

Sasa kinyozi alikuwa na mpango. Juu mashine ilifanana na ile nyingine kama pacha. Ilibaki chini. Alama moja ya pasi, yenye mkia, na dada angeifunga shuka mwenyewe bila kujua lolote. Asubuhi hiyo kwenye simu dada alikuwa ameuliza kwa sauti ya upole, ile anayoitumia akiwa tayari amekasirika.

"Nasikia mtaani kuna mashine mpya. Yetu ipo?"

"Ipo, dada. Iende wapi?"

"Nikifika nitaiangalia kwanza, kabla hata ya kuvua viatu."

Pasi ilianza kutoa moshi mwembamba. Nje, gari likasimama, mlango ukafunguliwa, akaisikia sauti ya dada yake akimwambia dereva aushushe mzigo polepole. Kinyozi akaishika pasi kwa mkono wa kulia, kwa kushoto akaigeuza mashine.

Mahali penyewe palikuwa na stika pana inayong'aa: TOLEO JIPYA. Akaikwangua pembeni kwa ukucha, akaivuta. Ikatoka yote kwa mkupuo mmoja.

Chini ya stika palikuwa na alama ya ncha ya pasi, na mkia wake.