Bibi wa Baiskeli

Taa ya barabarani katika mtaa wa Schaerbeek ilipowaka nyekundu, maandamano ya baiskeli yakasimama, watu wote uchi wa mnyama.

Mbele ya Mwadi, aliyekuwa akisubiri kuvuka barabara, alikuwa bibi wa Kizungu, matiti yamemlalia tumboni. Mwadi akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika mabega. “Pole, maman.”

“Wana ruhusa ya kuandamana uchi, Madame,” polisi mmoja wa barabarani akamkemea Mwadi. “Ni wewe unayeziba njia.”

Mwadi akachanganyikiwa. Kwao Katanga, mama mzee akivua nguo hadharani anamlaani aliyemkosea.

Bibi akamrudishia kitenge huku akitabasamu. “Aksanti, mutoto yangu. Miye nilizaliwa kule Katanga.”

Kumbe alijua mila hiyo.

“Alors, maman,” Mwadi akauliza kwa sauti ya chini, “ni nani alikukosea?”

Taa ikageuka kijani. Wenzake wakaondoka, ila bibi hakukanyaga pedali.