Maji ya Bandani

Ilikuwa tarehe saba Julai. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka hadi vizingitini, na baridi ilipenya mifupa.

Bi Salome alichota maji kwenye pipa la bandani. Mumewe alimfundisha hivyo kabla hajalazwa: maji ya bomba yakae siku tatu, dawa iishe, ndipo samaki wake wabadilishiwe. Lakini alimfundisha wakati wa kiangazi, bati la banda lilipoyapasha maji lenyewe. Habari ya kipupwe hawakuizungumza. Alimimina ndoo nne kwenye tangi la kioo, akamshukuru Mungu, akaenda kuwasha jiko.

Aliporudi, samaki wote kumi na mmoja walikuwa wakielea ubavu. Akatia mkono. Maji yalikuwa barafu.

“Usilie, jirani,” alisema Mama Tunu, aliyesikia yowe akaja mbio. “Mzee anarudi kesho. Twende sokoni tukanunue wengine. Samaki hata mama zao hawawatofautishi!”

“Daktari kasema hamalizi mwezi, wifi,” aliongeza Felista, dada wa mgonjwa. “Mwache kaka yangu afe na furaha yake.”

Bi Salome alipiga magoti kando ya tangi. Alitafuta sala, asiipate hata moja. Miaka arobaini hakuwahi kumdanganya mume wake.

“Nyinyi ni mashahidi wangu,” alisema kwa sauti. “Kesho, kabla hajauliza, nitamwambia kwamba niliwaua mimi.”