Mgeni wa Chama Kilichoshindwa

Kwa sheria ya sasa, mgombea aliyeshindwa huishi na mpiga kura aliyemkimbia na kumnyima kura, amsikilize hadi uchaguzi ujao. Kwetu aliletwa Bwana Kihwelo. Aliyemkimbia ni mke wangu, mama Sekela. Mimi nilimpigia kura, kwa hiyo haniulizi lolote.

Kila asubuhi wanachambua mchicha pamoja. Mke wangu alianza na habari za bomba kukauka, akaja kwa marehemu mama yake, sasa anamsimulia ndoto zake mwenyewe. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mimi sijawahi kuzisikia! Bwana Kihwelo anaandika, anaitikia, “Ehe, ikawaje?”

Jana nikamuuliza mke wangu, “Uchaguzi ni Jumapili. Safari hii utampa kura?”

Akamwongezea mgeni chai.

“Akishinda, baba Sekela, nitaongea na nani?”