Njiwa wa Makame

"Nguo zangu zimenyewa tena na njiwa wako, Makame!"

"Si uhame mtaa, Bi Tatu!" Makame alicheka, kama alivyomcheka miaka yote kumi ya ujirani wao.

Jirani yake alikohoa mpaka akashika ukuta. "Hospitali wamesema mapafu yangu yamejaa makovu, hayaponi tena. Dawa itayachelewesha tu, labda nimebakiza miaka mitatu. Daktari kaniuliza kama nafuga ndege, maana vumbi lao huleta haya."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nafugiwa na jirani."

Makame alifungua tundu, akawafukuza njiwa wote kwa kofia yake. Walizunguka hewani kidogo, kisha wakatua palepale walipozoea, juu ya paa la Bi Tatu. Kofia ilimlegea mkononi.

"Usiniangalie hivyo," Bi Tatu alisema, akisogeza pazia la mlango. "Ingia, ubwabwa unapoa."