Ua la Kizingitini

Asubuhi ya sikukuu ya taa, mkaza mwana alikuwa amepiga magoti mlangoni, akichekecha unga wa rangi juu ya plastiki yenye matundu, mara akasikia mlango wa chumba cha mama mkwe ukifunguliwa. Akataka kuificha, akachelewa.

Katika nyumba ile rangoli, pambo la maua la sakafuni, ilichorwa kwa vidole na unga wa mchele, na mchoraji alikuwa mmoja tu, mama mkwe. Lakini leo aliamka akilalamikia mgongo, akajifungia. Sakafu ikabaki tupu, na wageni wako njiani.

"Unafanya nini hapo?"

"Nisamehe, mama. Sijui kuchora kama wewe. Hiki kidude nimekinunua dukani. Unakiweka chini, unachekecha rangi, unakiinua, ua linabaki sakafuni."

Mama mkwe alisogea akayatazama matundu yake, midomo ameikaza.

"Na mkono ukitetemeka?"

"Hata ukitetemeka, mama. Ua haliharibiki."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Akautoa mkono wa kulia aliokuwa ameuficha ndani ya sari. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe, havitulii.

"Si mgongo, mwanangu," alisema taratibu. "Niliona haya kuwaambia."

Mkaza mwana akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Nami nilidhani utanifukuza!"

"Nikufukuze, halafu nani anishikie hiki kidude?" Mama mkwe alikuwa ameshaketi sakafuni, akikunja mikono ya blauzi. "Haya, sogea huko. Nipe hiyo nyekundu."