Swali Lililoanza na Shikamoo

Aliyenisimulia haya ni Bi Salha, juzi tukichambua mchele wa hitima. Binti yake, Mwanahawa, kazi yake ni kuirekebisha ile mashine ambayo watu huiuliza maswali kwenye simu, pale inapojibu ovyo.

Jioni moja, macho yamechoka, akakuta swali la jana yake: "Shikamoo. Poleni na kazi. Mjukuu wangu amemeza betri ya saa, nifanyeje mimi bibi yake?" Mashine ilikuwa imemweleza huyo bibi maana ya shikamoo.

Mwenzake, Kibwana, akacheka. "Mtu anaiamkia mashine! Alingoja marahaba? Twende zetu bwana, utamaliza kesho."

"Kesho atauliza mwingine," Mwanahawa akasema, akaketi tena.

Akaifundisha mashine kuiacha salamu ipite na kulishika swali lenyewe. Ikakosea, akaifundisha tena. Kibwana alishaondoka ilipojibu: "Mwahishe hospitali sasa hivi, usingoje."

Lakini yule bibi hakuacha jina wala namba. Hapakuwa na pa kumpelekea jibu.

Nyumbani Mwanahawa hakula. Alijilaza na nguo za kazini kando ya mwanawe aliyekwisha lala, akamwekea mkono tumboni, ukawa unapanda na kushuka, mpaka naye usingizi ukamchukua.